Kofia si shati dogo

Swali: Shikamoo, fundi. Nina duka la kushona sare Morogoro. Shule moja ya sekondari iliniagiza mashati 200 ya mikono mifupi na kapelo 200 za siku za michezo, zenye nembo ya shule mbele. Kitambaa nilinunua shilingi 6,000 kwa mita. Shati nilitoza 15,000. Kapelo nilitoza 6,000, nikiamini kwamba kwa vile zinakula kitambaa kidogo, hapo ndipo faida yangu ilipo. Ili kubana matumizi sikuweka mkanda wa kurekebisha nyuma. Nilipima vichwa vya wanafunzi kadhaa nikashona saizi tatu. Mashati yamenilipa. Kapelo zimenitia hasara, na 40 zimerudishwa kwamba zinabana. Kitu kidogo kama kile kinawezaje kugharimu karibu na shati? Nimekosea wapi, na hizo 40 nizifanyeje?

Jibu:

Marahaba, fundi mwenzangu, na pole kwa hasara. Kosa hilo nami nililifanya, miaka mingi iliyopita, nikiwa nimeajiriwa kukokotoa gharama kwenye kiwanda cha nguo. Ilikuwa oda ya fulana na kofia. Nikachukua mita za kitambaa, nikazigawa kwa idadi, nikaongeza ujira na faida, nikampelekea mteja bei. Fulana zilitoka salama. Kofia zilikula siku ambazo sikuziandika popote, na mafundi wazuri wakakwama kwenye kazi niliyokuwa nimeiita ndogo. Tangu hapo sitaji bei ya kofia yoyote kabla sijaishona moja kwa mikono yangu, saa ikiwa mezani.

Ulipanga bei kwa kufuata kitambaa. Kwa nguo nyingi njia hiyo haikuangushi, kwa sababu kitambaa ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya gharama. Ukikijua kitambaa umeijua nguo. Kwenye kofia kitambaa ndicho chenye uzito mdogo kuliko vyote. Kinacholipiwa ni umbo. Litundike shati kwenye msumari: linalala kama tambara. Umbo lake linalipata mwilini, mabega yakilibeba na kifua kikilijaza. Sasa iweke kapelo mezani. Inasimama. Hakuna kichwa ndani yake, lakini paji liko wima, utosi umeinuka, mdomo umetangulia mbele. Huko kusimama ndiko ulikolipia bila kujua, na ndiko hukumtoza mteja.

Tufanye hesabu yako upya. Pale ambapo hukunitajia namba nitakadiria, nawe utaweka za kwako. Shati lilikula mita moja na nusu: 9,000. Vifungo, uzi na kitambaa kigumu cha kola, tuseme 800. Saa moja ya fundi pamoja na umeme na kodi ya duka, tuseme 3,000. Jumla 12,800. Ulitoza 15,000, kwa hiyo kila shati lilikuachia 2,200.

Kapelo je? Mita moja ya kitambaa chenye upana wa sentimeta 150 inatoa kapelo saba au nane, kwa hiyo kitambaa ni kama shilingi 800 kwa kila moja. Hapo ndipo ulipofurahi. Lakini plastiki ya mdomo, kitambaa kigumu cha paji, mkanda wa jasho, utepe wa kufunika mishono na kifungo cha utosini, vyote pamoja tuviweke 1,800. Kudarizi nembo, 2,000. Na muda: fundi asiyezoea kofia atatumia saa nzima, sawa na ile ya shati, 3,000. Jumla 7,600, nawe ulitoza 6,000. Hata kama zote zingekubaliwa, ungekuwa unampa kila mwanafunzi zawadi ya shilingi 1,600.

Ongeza zile 40. Umetumia 1,520,000 kutengeneza kapelo 200, ukauza 160 kwa 960,000. Hasara ni 560,000. Faida yote ya mashati ilikuwa 440,000. Kapelo zimeimeza na bado zinakudai 120,000. Ukigawa gharama kwa zile zilizokubaliwa tu, kila kapelo imekugharimu 9,500, karibu robo tatu ya gharama ya shati, ilhali kitambaa chake hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya kitambaa cha shati.

Namba hizo zinaonyesha jambo jingine. Kwenye shati lako kitambaa ni asilimia 70 ya gharama. Kwenye kapelo ni kama asilimia 10 tu. Ukienda kubembeleza muuza kitambaa akakushushia kutoka 6,000 hadi 5,000 kwa mita, kila shati litakuokolea 1,500, na kila kapelo itakuokolea kama 130. Fundi wa mashati anatajirikia sokoni, kwenye kununua. Fundi wa kofia hana la kuokoa huko. Uhai wake uko kwenye meza ya kushonea.

Sasa chukua moja ya zile 40 uifumue yote, kipande kwa kipande, uvipange juu ya meza. Vipande sita vya kichwa. Viwili vya kitambaa kigumu nyuma ya paji. Viwili vya mdomo, juu na chini, na plastiki katikati yao. Mkanda wa jasho. Tepe tatu zinazokatiza ndani kufunika mishono. Kifungo cha utosini. Hapo tayari ni 16, na kama ungeweka mkanda wa nyuma na bizimu yake zingekuwa 18. Halafu kuna vitundu sita vya hewa, na kila kitundu ni kazi inayojitegemea. Shati lako la mikono mifupi, tukihesabu mbele mbili, mgongo, mabega mawili, mikono miwili, kola mbili, shingo ya kola mbili, mfuko mmoja na vitambaa vigumu viwili, ni vipande 14. Fulana ya kawaida ni vitano: mbele, nyuma, mikono miwili na utepe wa shingo. Kitu kinachokaa kwenye kiganja kina vipande vingi kuliko kile kinachofunika mwili kuanzia shingoni hadi kiunoni.

Na vipande hivyo si vya kunyooka. Shati lina mishono mirefu, ya ubavuni na ya mikono. Fundi anakanyaga cherehani inakwenda yenyewe, mkono unasindikiza tu. Kwenye kapelo kila mshono umepinda na ni mfupi. Unaanza, unageuza, umeshafika mwisho, unakata uzi, unaanza mwingine. Mdomo peke yake, ukiupigia ile mistari sita inayokwenda sambamba, una zaidi ya mita moja ya mshono juu ya plastiki, na mstari mmoja ukiyumba jicho la mteja linauona akiwa mlangoni. Kwenye shati ungeuficha kwapani.

Lakini mahali penye gharama kuliko pote ni pale mdomo unapokutana na paji. Nataka upaangalie vizuri. Kuna kitambaa cha nje cha paji, kitambaa kigumu nyuma yake, vitambaa viwili vya mdomo, na mkanda wa jasho ambao wenyewe umekunjwa. Vyote vinapita chini ya sindano moja kwa wakati mmoja. Ukingo wa mdomo umepinda kuelekea huku, ukingo wa kichwa unazunguka kuelekea kule, nawe unatakiwa uvikutanishe bila mkunjo hata mmoja. Juu ya hayo, kofia ni bakuli na meza ya cherehani yako ni bapa, kwa hiyo mkono wa kushoto hauna pa kuilaza. Sindano namba 11 iliyoshona mashati vizuri itavunjika hapo. Weka 16 au 18. Viwandani wana cherehani ambazo sehemu ya kushonea imeinuka kama nguzo, bakuli linavikwa juu yake na kuzungushwa. Huyo fundi wa mshono mmoja ndiye anayelipwa vizuri kwenye mstari mzima, na anastahili. Nimewahi kumuona mama mmoja akiifanya kazi hiyo kwa kidole gumba tu, anasukuma mdomo milimita kwa milimita huku macho yako kwenye alama ya katikati. Hakuwa na haraka hata kidogo, na hakuna aliyemfikia kwa idadi.

Tuje kwenye zile 40. Hukupima vibaya vichwa. Nadhani mishono ndiyo iliyokuibia. Kapelo ina mishono sita ya wima. Fundi akila milimita moja zaidi kila upande wa mshono, unapoteza milimita mbili kwa mshono mmoja na milimita 12 kwa kofia nzima. Saizi za kofia zinapishana kwa sentimeta moja: 55, 56, 57. Kwa hiyo kosa la milimita moja, ambalo huwezi hata kuliona kwa macho, limeishusha kofia saizi moja na zaidi. Kwenye shati kosa hilohilo halina habari. Shati limeachiwa nafasi ya sentimeta nyingi kifuani. Milimita 12 zinapotelea humo na mwanafunzi hajui.

Kuna mwizi wa pili, maji. Kama kitambaa chako ni cha pamba na hukukilowesha na kukikausha kabla ya kukata, kikisinyaa kwa asilimia 3 tu, kichwa cha sentimeta 56 kinapoteza karibu sentimeta 1.7. Urefu wa shati ukipungua kiasi hicho hakuna anayelalamika. Kofia iliyopungua kiasi hicho haiingii kichwani.

Ndiyo maana nasema uamuzi wa kuacha mkanda wa nyuma ulikuponza pia, juu ya bei yenyewe. Ule mkanda mdogo ndio umeifanya kapelo iwe biashara ya watu wengi. Mwenye kuuza kofia zisizorekebishika inambidi awe na saizi kuanzia 54 hadi 62, na hizo ni tisa, kwa kila rangi, na za pembezoni zitamlalia dukani. Mwenye mkanda ana saizi moja, kielelezo kimoja cha kukatia, mzigo mmoja. Makosa ya mshono anayafuta mvaaji mwenyewe kwa kusogeza bizimu. Uliokoa mia chache kwa kila kofia ukapoteza laki mbili na zaidi.

Utaniuliza, basi zile za kutoka China zinazojaa Kariakoo zinawezaje kuuzwa kwa bei ile? Umbo ni lilelile, lakini gharama ya umbo huko imegawanywa kwa maelfu. Kitambaa kinakatwa tabaka nyingi kwa mara moja kwa kisu kilichofinyangwa sura ya kipande, hakuna mkasi. Mtu mmoja anashona utepe tu kutwa, mwingine vitundu tu. Mwishoni kofia inavikwa kwenye kichwa cha chuma chenye mvuke, inatoka imesimama. Vifaa hivyo vyote vinanunuliwa mara moja, na ukitengeneza kofia laki moja kila kimoja kinageuka kuwa senti. Kwako wewe, hata programu ya kuchora nembo kwenye mashine ya kudarizi inakuuma: tuseme wamekutoza 30,000 kuiandaa. Kwa kapelo 200 ni 150 kwa moja. Kwa kapelo 20 ingekuwa 1,500. Mteja anayekuja kutaka 20 kwa bei ya 200 mwonyeshe hesabu hiyo, ataelewa.

Kuhusu darizi yenyewe, jua kwamba mashine inalipwa kwa idadi ya mishono. Nembo ya mishono 8,000 kwenye mashine inayokwenda mishono 800 kwa dakika ni dakika 10, kabla ya kubadili uzi na kufunga fremu. Ukipeleka kofia iliyokwisha kushonwa, inafungwa kwenye fremu ya duara na mashine inapunguzwa mwendo. Unganisha vipande viwili vya mbele na kitambaa chao kigumu, vipeleke vikidariziwa vikiwa bado bapa, ndipo uvirudishe kushona vilivyobaki. Wengi watakupunguzia bei kwa hilo peke yake.

Nimetaja kichwa cha chuma chenye mvuke. Watu wa pwani walikuwa na chao zamani, faroma, gogo la mviringo la kuvika kofia ikishafuliwa ili isisinyae. Kwamba kulikuwa na chombo maalumu kwa ajili hiyo inaonyesha kuwa wazee waliijua shida unayoniuliza. Na kama unataka kuona gharama ya kofia ikiwa imevuliwa kila kitu kingine, usiitafute kwenye kapelo. Itafute kwenye kofia ya viua.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akishona kofia hizo Wete, Pemba. Nilikaa naye likizo nyingi na hadi leo naona vidole vyake. Kitambaa cheupe cha pamba, mara mbili, kimechorwa kwa penseli. Anatoboa kitundu, kisha anakizungushia uzi pande zote, mshono kando ya mshono, anakaza, hadi kinakuwa jicho dogo gumu lisiloweza kufumuka. Hicho ni kiua kimoja. Anahamia cha pili. Vikijaa ndipo mchoro unapotokea, kwa sababu kwenye kofia nyeupe yenye uzi mweupe hakuna rangi ya kukusaidia. Kinachoonekana ni matundu na vivuli vyake. Akiinuka kutazama chungu jikoni, anaikunja ndani ya kitambaa safi ili isishike jasho wala masizi.

Hebu ikokotoe kofia ile. Kitambaa ni kidogo, uzi ni kidogo, sindano moja. Chukulia ina viua 1,000 na kila kimoja kinachukua dakika 3. Hizo ni saa 50 za matundu peke yake, kabla ya kuunga duara la juu na ukuta wa pembeni, kufua na kutia wanga. Mwanamke anayepata saa mbili kwa siku baada ya kazi za nyumbani atatumia siku 25. Zenye kazi nzito zaidi huchukua miezi. Kanzu inayovaliwa pamoja na kofia hiyo inakula mita tatu na zaidi za kitambaa, na fundi mwenye cherehani anaimaliza kwa siku moja. Ndiyo maana bwana harusi anaweza kuvaa kichwani kitu cha bei kuliko kile kinachomfunika kuanzia shingoni hadi miguuni, na hakuna udanganyifu wowote.

Hapa nina neno langu. Watu husema kofia za mkono ni ghali. Mimi naona nyingi bado zinauzwa chini ya gharama yake, kwa sababu saa za mshonaji hazihesabiwi. Anayeagiza huleta kitambaa na uzi, hulipa kwa kofia nzima, na zile saa 50 huitwa muda wa mapumziko wa mama. Ukigawa malipo yale kwa saa utaona aibu. Na sasa kuna za mashine, zenye matundu yaliyotobolewa na kudariziwa kwa kompyuta, na kwa mbali zinafanana. Mnunuzi asiyejua hulinganisha bei mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Geuza ndani utazame: ya mkono ina usafi upande wa ndani unaokaribia wa nje.

Hadithi ni hiyohiyo kwingineko duniani. Kofia inayoitwa Panama hutengenezwa Ecuador, kwa nyuzi za mmea wa toquilla, na UNESCO iliuingiza ufumaji wake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2012. Majani ni yaleyale. Kofia ya siku moja na ya miezi minane hutofautiana kwa wembamba wa nyuzi na idadi ya mikono iliyopita. Kofia ya pama ya manyoya ya sungura inatoka mbali zaidi, maana hiyo haina hata kitambaa cha kukata. Manyoya yanashikamanishwa kwa maji moto na msuguano hadi yawe koni kubwa laini, koni inasinyazwa tena na tena hadi iwe nzito na ndogo, kisha inavutwa kwa mvuke juu ya kielelezo cha mti. Borsalino wa Alessandria, Italia, walioanza mwaka 1857, huhesabu zaidi ya hatua 50 na wiki kama saba kwa kofia moja. Kuna wakati gharama ya umbo hilo ililipwa na miili ya mafundi: manyoya yaliloweshwa kwa zebaki ili yashikamane, na watu wa viwanda vya kofia wakatetemeka mikono na kuharibikiwa akili. Danbury, Connecticut, mji uliosifika kwa kofia, ugonjwa huo uliitwa kwa jina la mji. Marekani iliikomesha zebaki hiyo kwenye viwanda vya kofia mwaka 1941.

Usije ukaondoka hapa ukidhani kila kofia ni ghali kuliko kila nguo. Mzula wa sufu ni kofia, na ni rahisi kutengeneza kuliko nguo nyingi. Unafumwa kwa mashine, unafungwa juu, basi. Kwa nini? Kwa sababu unanyumbuka. Umbo lake linatoka kichwani mwa mvaaji, kama shati linavyolipata mwilini, na kosa la milimita 12 halina maana. Upande wa pili, koti la suti ni nguo, lakini lina bitana, vitambaa vigumu kifuani na mto begani. Ukilitundika bado lina mabega. Fundi wa suti na fundi wa kofia ni ndugu kwenye hesabu, na wote wawili hawapangi bei kwa mita. Ukipata kazi yoyote mpya, iwe mkoba, iwe taji la kwaya, jiulize kwanza: kitu hiki kinabebwa au kinajibeba? Kama kinajibeba, weka daftari la kitambaa pembeni uchukue saa.

Usafirishaji nautaja kwa ufupi kwa sababu wewe unauzia hapohapo mjini. Mashati 200 yanabanwa kwenye marobota. Kofia zenye umbo haziminywi. Hata ukizipanga moja ndani ya nyingine, unalipia nafasi ya hewa, na zikibonyea njiani ni zako.

Oda ijayo ya kapelo ifanye hivi. Lowesha kitambaa, kausha, ndipo ukate. Shona moja ya mfano mwanzo hadi mwisho, andika dakika za kila hatua, usijipendelee. Chukua fundi mmoja tu awe wa kuunganisha mdomo, wengine wampelekee vipande. Usimpe kila fundi kofia nzima kama unavyowapa shati. Mkatie kila fundi kipande cha kadibodi cha upana halisi wa mshono akiweke kando ya sindano, asishone kwa kukisia. Weka mkanda wa nyuma. Halafu bei: kwa namba zetu za mfano, chini ya 9,000 usikubali kazi, na kama idadi ni ndogo panda. Mkuu wa shule akikwambia mbona kitambaa chenyewe ni kidogo, mfungulie ile uliyoifumua, umpangie vipande 16 mbele yake.

Na hizo zilizorudi, usizitupe wala usizifumue zote. Kila moja geuza nyuma. Fumua mkanda wa jasho pale nyuma tu, kama upana wa kiganja, uukate katikati. Kata nusu mwezi kwenye vipande viwili vya nyuma, mshono wa katikati ukiwa ndio kilele chake, kimo kama sentimeta sita. Zungushia ukingo wake utepe, rudisha ncha za mkanda wa jasho, kisha weka mkanda wa velkro au wa bizimu wenye urefu wa kuachia sentimeta mbili hadi tatu zaidi ya ilivyokuwa. Kichwa kitaingia. Shule iambie wazi kilichotokea na uwape siku ya kuzirudisha. Anza na moja tu, mpe yule mwanafunzi mwenye kichwa kikubwa kuliko wote aijaribu, akikubali ndipo ukate zile 39.